Waandishi wetu redioni, kwenye tuzo na kwenye uzinduzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila siku: ofisini kwetu Mtwara mjini, kwenye simu, kwenye banda la Nane Nane pale Ngongo, Lindi, hata msibani. Tumeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Jambo likishajibiwa mahali pamoja hatulirudii. Tunakuelekeza kwenye namba.

## Ya mwanzo

1. Mnachapa kadi za harusi?

Hapana. Wala fulana, wala mabango ya kampeni. Sisi ni wachapishaji wa vitabu. Tunapokea mswada, tunauhariri tukiwa na mwandishi (hapo ndipo muda mwingi unapokwenda), tunautengenezea jalada, tunauombea ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, halafu ndipo unakwenda mtamboni, mara nyingi Dar es Salaam. Vitabu vikishafika ndipo inaanza kazi iliyozaa maswali yote haya: kumtangaza mwandishi, kumpeleka kwa wasomaji, na kumshangilia akipata jambo.

2. Mbona kila mara mnawasifia waandishi wenu tu?

Tusipowasema sisi, nani atawasema? Mchapishaji mwenye vitabu vya kiada ana soko lake shuleni. Sisi tuna riwaya, mashairi, hadithi za watoto na kumbukumbu za wazee, vitabu ambavyo mtu hununua kwa hiari yake baada ya kuvisikia mahali. Mtu wa Nachingwea hawezi kuulizia kitabu ambacho hajui kama kipo.

Ila sifa zetu zina mpaka. Hatuandiki "kitabu bora cha mwaka" kama hakuna aliyekishindanisha, wala "kinagombewa" wakati maboksi bado yamejaa stoo. Tunasema kilichotokea: mwandishi kahojiwa redioni, kafika kwenye orodha ya tuzo, shule imemwalika, gazeti limemhakiki. Uhakiki ukiwa mkali tunauweka vilevile. Msomaji aliyesoma kwamba sura za mwisho zimekimbizwa, kisha akanunua, hatatudai fedha yake.

3. Waandishi wenu wote ni wa Mtwara na Lindi?

Wengi wao. Wapo pia waliozaliwa Liwale wakahamia Mwanza, na wapo waliokuja kufundisha Masasi wakaoa hukohuko. Hatuulizi kabila wala cheti cha kuzaliwa. Tunauliza kama mswada unasomeka.

## Uzinduzi na matukio mengine

4. Kwa nini hamzindulii Dar, kwenye ukumbi wa maana?

Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Ukijumlisha nauli, malazi na ukumbi, fedha hiyo inatosha kuchapa nakala za ziada na kuzunguka Tandahimba, Newala na Masasi. Halafu waliojaa ukumbini Dar ni nani? Waandishi wenzetu, wanahabari na ndugu waishio huko. Watu wema wote, lakini kitabu wataomba wapewe.

Kuna riwaya moja yenye sura nzima ya mnada wa korosho. Tuliizindulia Newala, chini ya mwembe, kwa viti vya kukodi na spika moja. Mwandishi aliposoma hadi pale mkulima anapokubali kuuza kwa kangomba (kwa walanguzi, kwa kipimo na bei ya chini) kwa sababu mtoto kafukuzwa shule, wazee wakaanza kucheka kabla sentensi haijaisha, na mmoja akadakia, "Kipimo chenyewe umekiandika kidogo! Wanajaza mpaka kinamwagika!" Mwandishi akatoa kalamu, akaandika pembeni ya ukurasa wake. Chapa ya pili ina marekebisho hayo. Ukumbi wa Dar usingempa hilo.

Mwandishi anayeishi Dar tunamfanyia Dar, lakini hata yeye tunamwomba aje kusini mara moja.

5. Tarehe mnapanga kwa kuangalia nini?

Kwanza tunaangalia korosho. Minada huanza kwenye Oktoba, na malipo ya vyama vya msingi vya ushirika yakishaingia ndipo mtu anaweza kununua kitabu bila kuugua. Lakini wakulima wenyewe bado wako mashambani, kwa hiyo matukio ya vijijini tunayaweka jioni, au siku ya gulio.

Pili mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka mwingine zaidi. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga. Vitabu vyetu vikakwama upande wa pili, na mialiko ilishagawiwa. Tangu hapo hatutangazi tarehe ya uzinduzi mpaka maboksi yawe yameshuka Mtwara na tumelifungua walau moja kuhakiki kurasa.

Tatu mambo ya watu. Likizo za Juni na Desemba ni wakati wa jando na unyago, na hutampata mzazi yeyote kwenye usomaji wa mashairi mwanawe akiwa anatoka jandoni. Mwezi wa Ramadhani hatufanyi tukio la mchana. Tukifanya ni baada ya tarawehe, na linakuwa fupi.

Zikiondolewa hizo, zinabaki siku tunazozipenda. Ipo 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani, ingawa mara nyingi mvua huiharibu. Ipo 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, nayo huangukia Saba Saba, kwa hiyo watu wako mapumzikoni. Na zipo siku za Nane Nane, ambazo watu wa Lindi na Mtwara hukutana Ngongo. Banda letu huwa karibu na mbegu na matrekta, na si vibaya hata kidogo. Mtu aliyekuja kuangalia pampu ya dawa ya mikorosho huondoka na kitabu cha mtoto.

6. Kiingilio ni shilingi ngapi?

Bure. Kitabu ndicho kinachouzwa.

7. Mbona hamna mgeni rasmi?

Swali hili huulizwa na ndugu wa mwandishi kuliko mtu mwingine yeyote, na tunaelewa. Mheshimiwa akija, familia inaheshimika. Tumewahi kuwa na wageni rasmi, na wengine walisoma kitabu kabla ya kuja, Mungu awabariki.

Tatizo ni jinsi shughuli inavyogeuka. Mgeni rasmi ana ratiba yake: tukio la saa nane linaanza saa kumi. Kunakuwa na risala, utambulisho wa meza kuu, salamu za kila aliyefuatana naye, kisha hotuba. Mwandishi anapewa dakika tano za mwisho, jua linazama, na watoto wa shule wameshaondoka kwa sababu kwao ni mbali. Picha zinatoka nzuri, lakini mauzo yanakuwa hafifu, maana watu humfuata mgeni hadi kwenye gari.

Kwa hiyo utaratibu wetu umebadilika. Mwandishi ndiye mwenye shughuli na ndiye anayeanza kusoma. Kiongozi akitaka kuja anakaribishwa sana, anakaa mbele, anapewa nafasi ya maswali kama wengine, na akinunua nakala kumi za maktaba ya shule ya kata yake tutamtangaza kwa furaha. Kuhusu wagombea, tazama namba 22.

8. Vibali je?

Tunaanzia serikali ya mtaa au kijiji, kisha afisa utamaduni wa halmashauri. Kukiwa na ngoma au muziki taratibu huongezeka, kwa hiyo tunaanza mapema. Ukitualika kwako, kibali cha ukumbi ni juu yako, vilivyobaki tutasaidiana.

9. Mnaweza kuja shuleni kwetu na mwandishi?

Ndiyo, na ni kazi tunayoipenda. Mkuu wa shule atuandikie barua, nasi tutaipeleka kwa afisa elimu tukiwa na nakala ya kitabu ili aone tunachokwenda kuwasomea watoto. Mwandishi akifika anasoma, anaulizwa maswali, basi. Hatuuzi vitabu kwa wanafunzi darasani wala hatumtumi mtoto fedha nyumbani. Tunaiachia maktaba ya shule nakala mbili, na mzazi akitaka ya kwake anajua pa kuipata.

Angalizo kwa walimu: msiwaandikie watoto maswali. "Nini kilikuvutia kuandika kitabu hiki?" tumeshalisikia. Mtoto akiachwa huuliza kwa nini yule bibi alikufa, na mwandishi analazimika kujibu.

10. Ngoma zetu zinaweza kuingia kwenye uzinduzi?

Zinaingia, mradi zina uhusiano na kitabu na wachezaji wanalipwa. Kusini tuna hazina. Tamasha la MaKuYa lenyewe limebeba majina ya Wamakonde, Wamakua na Wayao. Tunachokataa ni kikundi kuchezeshwa juani kwa saa mbili ili kujaza muda, kisha kipewe soda.

## Redio, magazeti na simu

11. Mnatangaza zaidi redioni au mitandaoni?

Redio bado ndiyo mama. Fundi anaisikiliza, dereva wa bodaboda anaisikiliza, na mama anayebangua korosho anaisikiliza mikono ikiwa kazini. Mtandaoni watu wanapenda picha na kuandika "hongera", lakini anayekuja dukani Jumatatu huwa amesikia kipindi cha Jumapili.

Kabla ya mahojiano tunakaa na mwandishi. Tunamwomba aweze kusema mambo matatu bila kusoma: jina la kitabu, kinahusu nini kwa sentensi mbili, na kinapatikana wapi kwa bei gani. Utashangaa jinsi watu walioandika kurasa mia tatu wanavyoweza kuzungumza nusu saa kuhusu utoto wao bila kulitaja jina la kitabu. Tunamchagulia pia aya moja ya kusoma, yenye mazungumzo, isiyozidi dakika mbili. Maelezo ya mandhari hayafai redioni. Msikilizaji anakwenda kuchota maji.

12. Mwanahabari anapewa bahasha?

Hatulipii habari. Tukimwita mwandishi wa habari atufuate Mangaka au Kilwa Kivinje, tunagharimia nauli na chakula, kiasi kilekile kwa wote, na tunamwambia mhariri wake. Akitoka hapo ana uhuru wa kuandika kwamba tukio lilikuwa baya, au asiandike kabisa.

Tangazo la kulipia ni jambo jingine, nalo lisomwe kama tangazo. Mtangazaji akijifanya kitabu amekipenda mwenyewe kumbe kalipwa, atakayeaibika mbele ya wasikilizaji ni mwandishi wetu.

13. Naruhusiwa kupiga picha kurasa na kuzirusha kwenye grupu?

Jalada piga, rusha, hata ukiweka uso wako pembeni. Aya moja au mbili kwa ajili ya kukihakiki kitabu au kukisifu, sawa, mradi utaje jina la mwandishi. Sura nzima, au PDF, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi hata kama hajasajili kazi yake COSOTA (ofisi ya hakimiliki), na "ni kwa ajili ya kumtangaza tu" haiibadilishi. Mwandishi wetu mmoja alipongezwa kwenye grupu la ukoo kwa kuwekewa kitabu chake chote. Hongera zilikuwa nyingi. Mauzo ya mwezi ule tulihesabu kwa vidole.

## Tuzo

14. Tuzo zipi mnazifuatilia?

Tatu kwa karibu. Ya kwanza ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilizinduliwa 2022, na washindi wa kwanza walikabidhiwa tuzo 13 Aprili 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza wa riwaya na wa ushairi kila mmoja alipata shilingi milioni 10.

Ya pili ni Tuzo ya Safal ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, ambayo wengi bado wanaiita Mabati-Cornell, jina ililoanza nalo 2014. Hii inapokea mswada ambao haujachapishwa na pia kitabu kilichochapishwa miaka ya karibuni, kwa hiyo inatufaa sana.

Ya tatu ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Watu hudhani ni ya Kiingereza tu. Inapokea hadithi za Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000, bila ada yoyote.

15. Mnaniombea nyinyi au najiombea mwenyewe?

Inategemea tuzo, na hapa ndipo watu wanapoumia. Ya Jumuiya ya Madola mwandishi anajiombea mwenyewe, na hadithi iwe haijachapishwa popote. Ukishatuomba tuitoe hadithi yako kwenye mkusanyo wetu ili "ianze kujulikana", umeifungia mlango huo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere nayo ni ya miswada. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba tunamuuliza kila mwandishi: unataka kushindana kwanza, au unataka kitabu sasa? Majibu yote mawili ni sahihi, ila hayawezi kwenda pamoja.

Kwa tuzo inayotaka kitabu kilichokwisha kutoka, kitabu tunakipeleka sisi kwa gharama zetu, na unapewa nakala ya fomu.

16. Mliandika "amefika orodha fupi". Ameshinda au hajashinda?

Hajashinda bado. Tuzo nyingi hutoa orodha ndefu, kisha orodha fupi, kisha mshindi. Kufika orodha fupi ni jambo kubwa na tunalishangilia kwa jina lake hilohilo. Habari ikifika kijijini huwa imeshakua: mwandishi wetu mmoja aliporudi kwao Ruangwa alikuta mbuzi kachinjwa na watu wanasubiri kuonyeshwa hundi. Alikula mbuzi akawaeleza taratibu. Tunachoomba kwa wanaosambaza habari zetu: nakili neno tulilolitumia.

17. Nimepigiwa simu kwamba nimeshinda tuzo ya kimataifa, nitume ada ya medali. Nitume?

Usitume. Tuzo ya kweli haimtozi mshindi. Zipo zinazotoza ada ya kushiriki, nyingine halali kabisa kwa nchi za wenzetu, lakini sisi hatulipi ada kubwa wala hatuzitangazi ambazo kila aliyelipa anapata cheti. Dalili nyingine: hawataji majaji, hawataji washindi waliopita, kitabu chako hawajakiomba. Ukiwa na shaka tuletee ujumbe huo ofisini. Tumeshayaona mengi, baadhi yakiwa na nembo nzuri kuliko yetu.

18. Fedha ya tuzo mnachukua asilimia ngapi?

Hatuchukui. Zawadi ya mwandishi ni ya mwandishi. Tunachofaidi ni kwamba kitabu kinauzwa, nanyi mnapata mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, kama mkataba unavyosema.

19. Nikishinda kwa mswada, bado mtakitoa nyinyi?

Soma masharti ya tuzo kabla ya kujaza fomu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere, kwa mfano, ilianza na utaratibu wa serikali kuzichapa kazi zilizoshinda na kuzipeleka shuleni. Kwa mwandishi ni heri kubwa: ni shule ngapi sisi tungeweza kuzifikia? Tukiwa tumeshauhariri mswada huo bila mkataba, hatukudai chochote. Tukiwa na mkataba, tunakaa tuzungumze, na mpaka leo hatujamzuia mtu.

## Yasiyo ya kawaida

20. Naandika kwa jina la kalamu. Au mimi ni mtumishi wa umma. Mtanitangaza vipi?

Kwa jina la kalamu: tunatangaza kitabu, tunaweka jalada badala ya sura, na redioni tunamtuma mhariri. Hatujibu "ni nani huyu?" hata kwa ndugu yako. Lakini tuzo zitataka jina lako halisi kwenye fomu, na ukishinda kutakuwa na jukwaa. Amua mapema.

Mtumishi wa umma: mweleze mwajiri wako kabla hatujakutangaza, hasa kama kitabu kinahusu idara yako. Walimu ndio wengi hapa, na kwa kawaida mkuu wa shule huwa wa kwanza kununua. Ila apate habari kwako, asiisikie redioni.

21. Mwandishi akifariki, au akishinda kwa kitabu cha mchapishaji mwingine, je?

Aliyefariki tunaendelea kumtangaza. Hakimiliki yake inaendelea miaka 50 baada ya kifo, na mrabaha unakwenda kwa warithi. Kwa hiyo familia ituletee barua ya msimamizi wa mirathi, maana tumewahi kufuatwa na watoto wa mama wawili kwa wiki moja, kila upande na karatasi yake. Hafla ya kumbukumbu tunafanya baada ya arobaini, kwa ridhaa yao.

Akishinda kwa kitabu cha nyumba nyingine tunampongeza na kumtaja mchapishaji huyo kwa jina. Kama tuna nakala zake dukani tunauza. Kuficha jina la mwenzako ni roho mbaya, na wasomaji wanaona.

22. Wakati wa uchaguzi mnafanya matukio?

Tunapunguza. Kuanzia kampeni zinapofunguliwa hadi matokeo, mgombea yeyote anakuja kama msikilizaji: hapewi kipaza sauti, na fulana za chama zinabaki nyumbani. Mwandishi akiwa yeye ndiye mgombea, uzinduzi tunauahirisha. Vitabu vyake vinaendelea kuuzwa kwa bei ileile, na mtu wa kampeni akija kununua boksi zima ili akagawe, tunamuuzia nakala moja.

23. Mwandishi wenu akituhumiwa kuiba kazi ya mtu?

Tunasimamisha kumtangaza siku hiyohiyo, bila kumhukumu. Anayelalamika atuletee kazi zote mbili, tunazilinganisha pamoja na msomaji wa nje asiyejua majina. Ikithibitika, tunaviondoa vitabu dukani, tunaiandikia tuzo iliyomsifu, na habari tuliyoitoa ya kumpongeza tunaiwekea maelezo badala ya kuifuta kimyakimya. Isipothibitika, tunatangaza hivyo kwa sauti ileile tuliyomshangilia nayo.